Jinsi ya kuchagua vifaa vya magazini ya bunduki bila kupoteza pesa wala leseni

Bunduki ikikwama, mwenyewe hulaumu risasi, kisha fundi, kisha mvua ya jana. Magazini hukumbukwa mwisho, ilhali mara nyingi ndiyo yenye kosa. Ni kijisanduku cha bati au plastiki chenye springi ndani. Huangushwa, hukanyagwa, hulaliwa, hujaa vumbi, halafu hutarajiwa kuinua kila risasi mbele ya bolti, kile chuma kinachoisukuma risasi kwenye chemba nyuma ya mtutu, kwa pembe ileile bila kuchelewa. Mtutu hupakwa mafuta na kusuguliwa kila jioni. Magazini hurudishwa mfukoni na mchanga wake.

Kutokana na hilo limezuka soko kubwa la vifaa vya magazini: vifuniko, vitanzi, pochi, vitako, viunganishi, madirisha ya kuhesabia risasi. Vingi ni mapambo. Vichache vina maana kweli, na si vile vinavyopendeza kwenye picha. Hapa nazungumza na watu wa huku kwetu Kenya wanaobeba bunduki kikazi: askari wa Lanet na Gilgil, polisi wa akiba wa Baringo na Pokot Magharibi, walinzi wa hifadhi za wanyama. Nazungumza pia na mkulima wa Njoro au Solai mwenye bunduki ya leseni nyumbani. Mahitaji yao hayafanani, na pale yanapoachana nitasema.

Hatua ya 1: Soma cheti chako kabla ya kufungua simu kutafuta bei

Bunduki Kenya inatawaliwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na anayetoa na kufuta leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti chako hakisemi tu kwamba una bunduki. Kinataja ni bunduki gani, na kinaweka kikomo cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukinunua magazini tano za ziada huku cheti kinakuruhusu risasi chache, utakuwa umenunua vyombo usivyoweza kuvijaza kihalali, na afisa atakayekukagua atauliza vya nini.

Kuna silaha ambazo sheria imezitaja kwa majina: AK-47, G3 na MP5, zote bunduki za kivita. Anayepatikana na mojawapo bila idhini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Kwa hiyo ukitazama video ya Mmarekani akieleza anavyolinda sebule yake kwa bunduki ya magazini ya risasi 30, jua kwamba anazungumzia sheria ya kwao. Hata huko kwao si kote: California na New York zimeweka kikomo cha risasi 10 kwa magazini. Raia wa hapa mwenye leseni kwa kawaida ana bastola, bunduki ya marisawa au raifoli ya kuwinda inayokokiwa kwa mkono risasi moja baada ya nyingine. Ushauri wake ni tofauti kabisa na wa askari, na nitaufikia.

Jambo la pili ambalo watu hulipita haraka: sheria yetu inapoeleza bunduki ni nini, inahesabu na sehemu zake. Usiichukulie magazini kama kava ya simu. Usiiagize kupitia intaneti kutoka ng'ambo ukitumaini itapita kwenye kifurushi cha viatu. Uagizaji unahitaji kibali, na mzigo ukifunguliwa forodhani jina lililo juu yake ni lako. Nunua kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, chukua risiti inayotaja kitu chenyewe, uihifadhi pamoja na cheti.

Kwa askari na polisi mambo ni mepesi zaidi na magumu zaidi. Mepesi kwa sababu magazini ni mali ya serikali na hununui kitu. Magumu kwa sababu huna ruhusa ya kubadilisha kitako, springi wala kukata chochote bila fundi wa silaha wa kikosi chako. Unachoweza kuchagua mwenyewe ni vile vinavyokaa nje ya magazini: pochi, kitanzi, alama, kifuniko. Hata hivyo, muulize afande wako kwanza. Kuna vikosi vinavyofumbia macho pochi ya binafsi na kuna vingine havitaki hata kuiona.

Hatua ya 2: Jua magazini yako imeundwaje

Ndani mwake hamna siri. Kuna mwili, kuna springi, kuna kisukumio kinachokaa juu ya springi na kubeba risasi, kuna kitako cha chini, na kuna midomo miwili ya juu inayozishika risasi zisiruke. Midomo ndiyo roho ya magazini. Ikipanuka hata kidogo tu, risasi inatoka mapema au mbili zinapanda pamoja. Ikibanwa, risasi haitoki. Kifaa chochote unachofikiria kununua kipime kwa swali moja: kinailinda midomo, kinaisaidia springi, au kinaniwezesha kuitoa magazini pochini haraka? Kama hakifanyi hata kimoja, pita.

Halafu kuna uzito. Risasi moja ya G3, ya 7.62 kwa 51 (milimita za unene wa risasi na urefu wa ganda lake), ina gramu 24 hivi. Magazini yake hubeba 20, na ile ya chuma ikiwa tupu ina kama gramu 280, kwa hiyo ikijaa inakaribia robo tatu ya kilo. Ya AK, ya chuma na risasi 30, hupita gramu 800. Ya alumini ya M4, raifoli ya jeshi la Marekani, yenye risasi 30 za 5.56, haifiki nusu kilo. Zidisha kwa sita au saba, ongeza maji, redio na chakula, kisha upande kilima cha Tugen saa sita mchana. Ndipo utaona kwa nini kila gramu inayoongezwa kwenye magazini lazima ilipe kodi yake.

Chuma huvumilia kupigwa, ila hushika kutu na kikibonyea hakirudi. Alumini ni nyepesi na haina kutu nyekundu, lakini midomo yake hupinda kirahisi. Magazini za M16, kaka mkubwa wa M4, zilibuniwa zikichukuliwa kama kitu cha kutumia na kutupa, jeshi likazitumia miaka na miaka. Plastiki nzuri hunepa na kurudi. Mwaka 2007 kampuni ya Magpul ya Marekani ilitoa magazini ya plastiki iitwayo PMAG, na mwishoni mwa 2016 kikosi cha wanamaji wa Marekani, Marine Corps, kikaipokea kuwa magazini yake. Hiyo inatosha kumjibu yule anayesema plastiki ni ya kuchezea watoto. Lakini plastiki duni, ile isiyo na jina wala nembo inayouzwa kwa bei ya kutupa, hupasuka midomo, na ufa huo hauonekani mpaka siku ya shida.

Hatua ya 3: Kagua ulizonazo

Watu hununua vifaa vya kutibu ugonjwa ambao hawajaupima. Anza hapa. Ondoa risasi zote, hakikisha chemba iko tupu kwa jicho na kwa kidole, peleka risasi chumba kingine. Kisha shika magazini moja moja.

Sukuma kisukumio chini kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, na ukiachie. Kinapaswa kupanda sawasawa, bila kuinama upande mmoja wala kusita njiani. Kikisita, ndani kuna uchafu au mwili umebonyea. Weka magazini kando ya nyingine mpya ya aina ileile, utazame midomo kwa mwanga wa dirisha: upana ni uleule? Kuna mkwaruzo mpya unaong'aa? Kuna ufa mwembamba pale mdomo unapoungana na mwili? Tikisa kitako. Mwisho iingize kwenye bunduki tupu, uisikie ikijifunga, kisha uivute chini. Tabia hiyo ya kusukuma halafu kuvuta uijenge mpaka mkono uifanye bila kuambiwa. Magazini nyingi zinazodondoka wakati wa kukimbia hazikuwa zimejifunga tangu mwanzo.

Sasa ipe kila magazini namba. Rangi ya kucha inatosha, au kalamu nene ya wino usiofutika, upande wa kitakoni. Hiki ndicho kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Siku ya shabaha, bunduki ikikwama, andika namba ya magazini. Namba ileile ikijirudia, umempata mkosaji, na hujagusa pesa. Bila namba utazichanganya zote tena mfukoni na kurudi nyumbani ukilaumu risasi za kiwanda cha Eldoret.

Kuhusu kujaza: utasikia wazee wakisema weka 28 kwenye magazini ya 30. Si ushirikina. Magazini za zamani za alumini zikijazwa kabisa, springi ilikuwa imebanwa mno kiasi kwamba magazini ilikuwa ngumu kujifunga bolti ikiwa mbele. Zile mpya zimeachiwa nafasi kidogo. Jaribu yako: ikijaa, je, risasi ya juu bado inabonyea kidogo ukiisukuma kwa dole gumba? Kama haibonyei, punguza moja au mbili.

Hatua ya 4: Vifaa vinavyostahili pesa yako

Kijazio. Anayejaza magazini mbili hahitaji. Anayejaza kumi kabla ya mafunzo anajua dole gumba linavyokufa ganzi. Kijazio kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya midomo, kama kile cha Maglula ya Israeli, hubonyeza risasi ya chini ili inayofuata iingie bila kukwaruza. Faida yake kubwa hasa ni kwa midomo, kasi ni nyongeza. Kama risasi zako zinakuja zimepangwa kumikumi kwenye vibanio vyake, kuna kijiko cha chuma kinachopachikwa nyuma ya magazini, unazisukuma zote kumi kwa mkupuo. Vikosi vingi vina vijiko hivyo kwenye masanduku na hakuna anayevitoa. Uliza stoo kabla ya kununua chochote.

Kifuniko cha midomo. Kwa mtu wa Gilgil hiki si anasa. Pale Kariandusi wanachimba diatomaiti, unga mweupe wa mabaki ya viumbe vidogo vya majini, ambao kwa asili yake ni silika na hutumiwa viwandani kusugulia. Upepo ukivuma, kila kitu cheupe. Unga huo ukichanganyika na mafuta ndani ya magazini, unapata dawa ya kusagia springi. Ongeza vumbi la magadi linaloinuka kingoni mwa ziwa Nakuru maji yanapopungua. Magadi na alumini havielewani. Kifuniko cha plastiki kinachobana juu kinazuia hayo yote. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya PMAG hufanya na kazi ya pili: hushusha risasi ya juu kidogo ili isiisukume midomo muda wote magazini inapokaa imejaa. Usipopata kifuniko, kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa upana wa kiganja kinavalika vizuri na kuvulika kwa mkono mmoja. Hakikisha tu kwamba unaweza kukitoa gizani, na kwamba hakiachi nyuzi.

Kitanzi cha kuvutia. Hapa kuna historia ninayoipenda. Askari wa Marekani walikuwa wakifunga kamba ya parachuti kwa utepe wa gundi kwenye kitako cha magazini, wapate pa kushika wanapoichomoa. Richard Fitzpatrick, aliyekuwa Marine, alitengeneza kitanzi cha mpira cha kufanya kazi hiyohiyo na mwaka 1999 akaanzisha Magpul juu yake. Kampuni nzima ilisimama juu ya kipande cha mpira. Kwa anayebeba magazini kwenye pochi zenye kina, au mwenye mikono ya jasho, kitanzi kinasaidia sana. Kwa mwenye pochi fupi zinazoacha nusu ya magazini nje, kitanasa tu kwenye miiba ya mgunga. Jaribu kwa kamba kabla ya kununua cha dukani.

Pochi. Hapa ndipo ningeweka sehemu kubwa ya pesa, kwa sababu magazini huishi muda mwingi zaidi pochini kuliko kwenye bunduki.

Pochi lazima iendane na umbo. Ya G3 ni fupi na imenyooka, ya AK imepinda kama ndizi, ya M4 imepinda kidogo tu. Pochi ya kila kitu haishiki chochote. Chini iwe na tundu la kutoa maji na mchanga. Pochi isiyo na tundu, ukivuka mto Perkerra, inatoka na matope yanayolala ndani mpaka wiki ijayo. Angalia inavyofungwa. Kifuniko cha kitambaa kinalinda vizuri dhidi ya vumbi na mvua, lakini kinachelewesha. Pochi iliyo wazi yenye mpira wa kuvuta inatoa haraka, ila mpira huo hulegea kwa jua, kwa hiyo uwe na wa akiba. Kile kitambaa cha kunasa chenye vijimiiba hupasua kimya cha usiku kila unapokifungua, na kikijaa nyasi hakinasi tena. Mlinzi wa usiku achague kifungo au mpira.

Huhitaji kuagiza pochi ng'ambo. Mafundi wa turubai na mabegi wa Kibuye, Kisumu, au wale wa mjini Nakuru wanaoshona viti vya matatu, wana cherehani nzito na mikono mizuri. Wanachokosa ni vipimo. Usiwapelekee magazini! Hilo halina mjadala, hata ikiwa tupu. Chonga kipande cha mbao cha ukubwa uleule, urefu, upana na unene, na mpindo wake. Mpe fundi huo mti, atauliza ni wa nini, utamwambia ni wa kifaa cha kazi, basi. Mwambie:

"Fundi, mti huu uingie kwa kubanwa kidogo, na nikiugeuza chini juu usianguke."

Mtake turubai zito au kitambaa cha kodura, ile nailoni ngumu ya mabegi, uzi wa nailoni na si wa pamba, mshono mara mbili kwenye pembe, na tanzi pana la mkanda lisiloyumba. Ukishalipa, uvae na mti ndani yake: ruka, lala kifudifudi, tambaa, keti ndani ya gari, kisha uuchomoe kwa mkono mmoja ukiwa na glavu au mkono ukiwa umelowa. Pochi ikikuchoma mbavu ukilala, isogeze sasa, si msituni. Weka magazini zote zikielekea upande mmoja ili mkono usifikirie.

Rangi iwe ya kahawia au kijani cha kawaida. Mabaka ya kijeshi waachie wenyewe. Yamejaa kwenye mitumba, ndiyo, lakini raia au mlinzi wa kampuni binafsi akikamatwa nayo kwenye kizuizi cha barabarani atakuwa na maelezo marefu, na akiwa na bunduki juu yake maelezo hayo yatakuwa marefu zaidi.

Dirisha la kuonyesha risasi zilizobaki ni kitu kizuri kikija na magazini. Kukinunulia magazini mpya sioni haja.

Hatua ya 5: Vya kuacha dukani

Kiunganishi cha magazini mbili, au zile mbili zilizofungwa kwa utepe moja ikielekea juu na nyingine chini. Kwenye sinema ni tamu. Kwenye udongo, ile ya chini ndiyo unayoilalia, midomo wazi, ikichota mchanga kila unapojitupa chini. Halafu uzito wote unaning'inia kwenye kikamatio kimoja kilichoundwa kwa magazini moja. Viunganishi vinavyozipanga zote zikielekea juu ni afadhali, lakini bado ni mzigo upande mmoja wa bunduki.

Magazini za duara. Ile ya risasi 75 iliyotengenezwa kwa ajili ya RPK, bunduki ya rashasha ya Kirusi, hupita kilo mbili ikijaa, hupiga kelele kama kopo la njugu ukitembea, na kuijaza ni kazi ya mchana mzima kwa asiyezoea. Kuna ya Marekani iitwayo Beta C-Mag ya risasi 100, na sifa yake kubwa jeshini imekuwa kukwama. Kwa raia wa Kenya hata usiulize.

Kitako cha kuongeza risasi mbili tatu, springi "ya nguvu zaidi", kisukumio cha rangi ya kuvutia. Jeshi la Marekani lilibadilisha kisukumio cha magazini ya M4 mwaka 2009, likaleta cha rangi ya hudhurungi kisichoinama, pamoja na springi iliyoboreshwa. Hiyo ilikuwa kazi ya wahandisi, ikapimwa kabla ya kugawiwa. Springi uliyonunua kwa mtu asiyejulikana haijapimwa na yeyote, na springi kali kupita kiasi huzuia bolti kama vile dhaifu inavyochelewesha risasi. Springi yako ikichoka, weka ya kiwanda chake.

Hatua ya 6: Bunduki ikiwa nyumbani

Sasa mwenye leseni, hasa wewe wa ploti ya Section 58 au Milimani ya Kisumu. Raifoli ni chombo kibaya cha kulindia nyumba iliyopakana na nyingine. Risasi yake hupita mabati, mbao na mlango kama havipo, na hata tofali lenye matundu si la kuaminiwa, na nyuma ya ukuta huo kuna mtoto wa jirani amelala. Kama umepewa raifoli kwa sababu ya shamba na wanyama, iache kwa kazi hiyo. Magazini kubwa haibadilishi hesabu hii; inaongeza tu idadi ya risasi zisizojulikana zitaishia wapi.

Kwa hiyo vifaa vya magazini vya nyumbani ni vya kufunga. Sheria inakutaka uihifadhi bunduki na risasi mahali salama ambapo mtu asiyeruhusiwa hawezi kuzifikia, na mzigo huo ni wako hata ukiwa safarini. Nunua sefu ya chuma, na uifunge kwa boliti ukutani au sakafuni kwenye zege. Sefu isiyofungwa hubebwa nzima, wezi wawili na mkokoteni wanatosha. Ndani yake bunduki ikae bila magazini, chemba tupu. Magazini na risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye kufuli yake. Kuna kebo yenye kufuli inayopitishwa kwenye tundu la kutolea maganda na kutokea pale magazini inapoingia. Ikishafungwa, bolti haiwezi kufunga wala magazini haiwezi kuingia. Ni bei ndogo, inaonekana kwa macho, na ndicho "kifaa cha magazini" ambacho ningemlazimisha kila mwenye bunduki na watoto awe nacho. Nambari ya sefu isiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba. Watoto hujaribu huo kwanza.

Pesa iliyobaki, ile uliyotaka kununulia magazini ya pili na pochi ya kiunoni, ipeleke kwenye taa ya nje inayowaka mtu akipita, komeo la ndani la mlango wa chumba cha kulala, mbwa asiye mlafi, na simu yenye chaji kando ya kitanda. 999 na 112 ni namba za bure za polisi. Kanuni za Adhabu za Kenya, kifungu cha 17, zinaacha suala la nguvu ya kujilinda liamuliwe kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako wakati ule. Mwizi anayekimbia na runinga yako mgongoni si hatari hiyo.

Hatua ya 7: Kuzitunza ili usinunue tena

Kisumu adui ni unyevu, Nakuru ni vumbi, na dawa zake zinapingana kidogo. Ndani ya magazini pabaki pakavu. Mafuta hukusanya vumbi, na yakifika kwenye risasi hayaleti heri. Fungua kitako, toa springi ukiishika isiruke usoni, futa ndani kwa kitambaa kikavu kilichozungushwa kwenye kijiti, rudisha. Watu wa Gilgil wafanye hivyo kila wanaporudi kutoka doria. Kwa magazini ya chuma huko ziwani, pitisha springi na mwili kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kisha ufute kwa kikavu mpaka kidole kisiteleze. Ndani ya sefu weka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu na mabegi mapya, na uvibadilishe masika yakianza.

Swali linaloulizwa kila mara: je, springi huchoka magazini ikikaa imejaa? Springi nzuri iliyobanwa ndani ya kipimo chake haichoki sana kwa kukaa. Inayochoka ni ile inayojazwa na kutolewa, kujazwa na kutolewa, au iliyobanwa kupita kipimo. Midomo ya plastiki isiyo na kifuniko ndiyo inayoweza kulemewa na kukaa muda mrefu. Kwa askari wa kituo, kuzungusha magazini za zamu ni busara kwa sababu inakulazimisha kuzikagua. Kwa mwenye leseni swali lenyewe halipo, maana zako zinakaa tupu.

Ikifika siku magazini imekufa, midomo imepanuka au mwili umepasuka, usiipinde irudi ukisema itafaa kwa mazoezi. Magazini ya mazoezi huchanganyika na za kazi siku ambayo una haraka. Askari aifunge kitambaa chekundu na kuirudisha stoo ikiwa na namba yake na maelezo ya ilivyokwama. Mwenye leseni aipeleke kwa muuzaji aliyemuuzia, isiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wala kwenye jaa la taka, na adai karatasi inayoonyesha imepokelewa, aiweke pamoja na ile risiti ya kwanza.